Santuri sitini na tatu: shajara ya sanduku la baba

Jumamosi, 6 Julai 2024

Leo nimelishusha sanduku. Lilikuwa darini nyumbani kwa wazee, Kikuyu, nikalileta kwangu Area C kwa bajaji huku nimelipakata kama mtoto mgonjwa. Baba alisimama mlangoni akaniambia neno moja tu: "Usizilaze." Yaani zisimame wima kama vitabu, zisilaliane. Mwenyewe amezilaza darini miaka isiyopungua ishirini. Nikasema sawa mzee.

Hesabu yake ni 63. Ndogo za inchi 7, wimbo huku na wimbo kule, spidi 45 (yaani mizunguko 45 kwa dakika), ziko 52. Kubwa za spidi 33 ziko nne. Zilizobaki saba ni zile nzito za kale, spidi 78, ambazo ukiangusha moja unaokota vigae. Panya wamemaliza bahasha karibu zote. Vumbi ni hili hili letu la Dodoma, jekundu na laini kama unga wa muhogo, na limeingia hadi kwenye zile mbili ambazo bahasha zake za nailoni bado zimefungwa.

Nimezipanga kwa bendi. Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe ndiyo imejaa, kisha NUTA, Western, Atomic ya Tanga, Tabora Jazz, na Cuban Marimba ya Salum Abdallah. Ngoma zetu za Kigogo hakuna hata moja, jambo ambalo mama amelilalamikia tangu nikiwa mdogo. Karibu kila kibandiko kinasema imetengenezwa Kenya. Bendi za kwetu zilirekodiwa sana Radio Tanzania, kwenye kanda za kurusha hewani, lakini santuri zilikandamizwa Nairobi. Baba alikuwa karani wa reli enzi za Reli ya Afrika Mashariki, makao makuu yakiwa huko huko Nairobi, na kila akitumwa kikazi alirudi na mfuko. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, mpaka ukafungwa, ukaja kufunguliwa 1983. Anasema baada ya hapo hakununua tena hata moja. Sanduku linaishia hapo kama simu iliyokatika.

Ninachotaka: kuziosha, kuzihamishia kwenye kompyuta, na kumpa kila ndugu fleshi yake kabla ya Krismasi. Mtandaoni sipandishi kitu. Hakimiliki zina wenyewe, na wengine warithi wao wapo.

Jumapili, 7 Julai

Nimeharibu moja. Naiandika hapa ili mtu mwingine asirudie.

Nilianza na moja ya zile nzito, nikiamini kwamba kama ni nzito basi ni imara. Nikachukua pamba, nikailowesha spiriti ya duka la dawa, nikafuta kwa kuzungusha. Mzunguko wa kwanza pamba ikatoka nyeusi, nikafurahi: uchafu huo. Wa pili ikatoka nyeusi vile vile. Wa tatu nikahisi kidole kinanata. Nilipoiinamisha kwenye mwanga wa dirisha, mng'ao ulikuwa umeondoka sehemu yote niliyopita, na mifuo, ile mitaro myembamba inamopita sindano, iliyokuwa wazi kama mistari ya daftari imegeuka utando wa kijivu. Haukuwa uchafu. Ilikuwa santuri yenyewe imehamia kwenye pamba.

Za spidi 78 si plastiki. Ni shelaki, utomvu wa wadudu, uliochanganywa na unga wa mawe. Na seremala akitaka kuyeyusha shelaki atengeneze vanishi hutumia nini? Spiriti. Nimefanya useremala juu ya santuri ya mwaka ambao mimi sikuwa hata wazo.

Kwa shelaki ni maji na tone la sabuni, harakaharaka, na kukausha papo hapo. Sita zilizobaki nimezirudisha sandukuni. Zinataka hata hivyo sindano yake, nene mara nne hivi kuliko ya santuri za plastiki, na mashine yangu ya kupigia santuri haina spidi 78. Spidi ingewezekana kuidanganya: unarekodi kwa 45, kisha kwenye kompyuta unaongeza asilimia 73.3. Sindano haidanganyiki.

Baba sijamwambia.

Jumamosi, 13 Julai

Siku ya kuosha. Kwanza nilitumia maji ya bomba, na kila santuri iliyokauka ilibaki na vidoa vyeupe. Nikaenda kuangalia ndani ya birika letu la umeme, nikaona ukoko mweupe chini, nikaelewa. Maji yetu mengi yanatoka ardhini, visima vya Makutupora, na yana chumvichumvi. Kinachoganda kwenye birika kinaganda pia kwenye mfuo, na sindano ikikipitia inakisoma kama muziki.

Dawa yake ni maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea kwenye betri za gari. Duka la spea nilisisitiza mara mbili: maji, siyo asidi. Muuzaji akaniuliza ni gari gani. Nikamwambia ni santuri. Akanipa chupa bila neno.

Utaratibu niliofika nao baada ya santuri kumi za majaribio: kibandiko nakifunika kwa vifuniko viwili vya kopo la siagi, juu na chini, nimevibana kwa boliti katikati na mipira iliyokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Tone moja la sabuni ya vyombo kwenye nusu lita ya maji ya betri. Mswaki laini wa mtoto, kufuata mfuo, kamwe si kuukata. Kisha suuza mara mbili kwa maji ya betri matupu. Maji ya kwanza yanatoka rangi ya chai ya rangi.

Nilizianika nje kwenye kichanja cha vyombo. Julai, Dodoma, saa tisa alasiri! Upepo ulivuma dakika tano nikaanza upya. Sasa zinakaukia bafuni, mlango umefungwa, na watoto wanaoga kwa ratiba.

Jumapili, 14 Julai

Santuri ndogo zina tundu kubwa katikati, karibu sentimita 4, na mashine ina kijiti chembamba. Kipachiko chake sikukipata popote mjini, nikachonga kwa kandambili kuukuu. Nikaweka Western Jazz. Gitaa likaanza kulia kama mlevi anayepanda ngazi: juu, chini, juu, chini.

Nikahesabu. Sauti iliyumba mara tatu katika kila sekunde nne. Spidi 45 kwa dakika ni mizunguko mitatu kwa sekunde nne, kwa hiyo kosa lilikuwa linatokea mara moja kila mzunguko, maana yake tundu la kandambili yangu halikuwa katikati. Nimechonga nyingine kwa kuchora duara kwa bikari ya mwanangu. Ya tatu ndiyo imekubali. Kandambili zote mbili zimekwisha.

Kisha spidi yenyewe. Nilibandika kipande cha karatasi pembeni ya sahani ya mashine, nikahesabu kwa saa ya simu: mizunguko 46 na nusu badala ya 45. Ni asilimia 3 na kitu, zaidi ya nusu ya umbali wa noti moja hadi noti ya jirani kabisa. Mwimbaji anasikika kijana kuliko alivyokuwa. Chini ya mashine kuna vitundu viwili vyenye skrubu ndani, kimoja kwa kila spidi. Nimegeuza kidogokidogo kwa bisibisi ya saa hadi nikapata 45 mara tatu mfululizo. Ingewezekana kurekebisha kwenye kompyuta baadaye, lakini baadaye ningesahau.

Jumamosi, 20 Julai

Mlio. Mmmmm, chini ya kila wimbo, hata sindano ikiwa juu.

Programu ninayotumia ni Audacity, ya bure, na ina sehemu inayokuonyesha sauti imelundikana kwenye masafa gani. Kilele kilikuwa hezi 50, yaani mitikisiko 50 kwa sekunde, kingine 100, kingine 150. Hamsini ni umeme wa ukutani. Basi si wa bendi wala wa santuri, ni wa nyumba yangu.

Nilianza kuwinda. Nikazima friji: mlio ukapungua kidogo. Nikahamisha mashine kutoka kwenye soketi ya pamoja: kidogo tena. Nikakaza waya wa ethi ulioning'inia nyuma ya mashine bila kazi: ukashuka sana. Mwisho nikachomoa chaja ya kompyuta, na ule mlio wa juu kama wa mbu uliobaki ukanyamaza ghafla, hadi mke wangu akauliza kutoka jikoni nimezima nini. Kwa hiyo tunarekodi kwa betri. Betri yangu inashika saa moja na nusu, ndiyo urefu wa zamu ya kazi.

Nimeona pia kwamba swichi ya nyuma ya mashine ilikuwa upande usio wake, ndiyo maana wiki iliyopita kila kitu kilisikika kama nzi ndani ya kopo. Hii inafaa kuelezwa. Santuri haichongwi na besi yote. Besi ikichongwa ilivyo, mfuo utatanuka mpaka nyimbo zisienee. Hivyo kiwandani besi hupunguzwa na sauti za juu huongezwa, na mashine ya kupigia inapaswa kurudisha kinyume chake. Kanuni ya kupunguza na kuongeza, iitwayo RIAA, ilipatanishwa Marekani mwaka 1954, tofauti ya karibu desibeli 20 kila upande. Swichi yangu ilikuwa inapeleka sauti ghafi bila kurudisha kitu. Sasa inarudisha, na besi la NUTA limeingia chumbani kama mtu mnene.

Jumapili, 28 Julai

Sindano iliyokuja na mashine ni butu. Kila "s" ya mwimbaji inatoka na mate. Niliagiza nyingine duka fulani la Dar nikaambiwa ya almasi, halisi, hakuna shaka. Imefika kwa basi, imepinda. Hawapokei simu.

Halafu nimegundua jambo la aibu ya familia. Kwenye santuri zilizopendwa sana, mifuo ya ndani karibu na kibandiko imekuwa ya kijivu, imesagika. Nimempigia baba kumuuliza gramafoni yao ya zamani ilikuwaje. Akanijibu kwa fahari: sindano ikiruka, alikuwa anaweka sarafu ya senti hamsini juu ya mkono wake, kwa gundi ya karatasi. "Haikuruka tena." Naam, mzee. Ilikuwa inalima. Mkono wa mashine yangu unataka gramu 3 tu. Nimepima kwa mizani ya rafiki anayenunua madini, inayosoma hadi tarakimu ya pili baada ya nukta.

Jumatano, 31 Julai

Umeme umekatika mara mbili. Hakuna kilichofanyika.

Jumamosi, 10 Agosti

Sindano imefika. Mpwa wangu ameinunua Kariakoo, akaikagua kwa kioo cha kukuzia kabla ya kulipa, akaja nayo kwa treni ya umeme, iliyoanza kufika Dodoma mwishoni mwa mwezi uliopita. Nilimpitisha Kikuyu asalimie. Baba hakuuliza habari ya sindano. Aliuliza treni ilisimama wapi na wapi, iliondoka na dakika ngapi, tiketi inakatwaje, nani anapunga bendera. Alipoambiwa hakuna anayepunga bendera alinyamaza muda mrefu.

Nimefunga sindano usiku huu. "S" zimekauka mate.

Jumapili, 11 Agosti

Kazi hasa imeanza leo. Narekodi kuanzia saa nne usiku, kwa sababu mchana jirani anafyatua matofali na kila tofali linaonekana kwenye mawimbi kama kijilima. Usiku kuna jogoo mmoja tu asiyejua saa.

Vipimo: biti 24, sampuli 48,000 kwa sekunde, kilele cha sauti kisivuke desibeli 6 chini ya sifuri ili kibaki na nafasi. Ni MB 17 kwa dakika. Pande 104 za zile ndogo, dakika tatu na nusu hivi kila upande, zitakula GB 6 na ushee; nikihifadhi kwa FLAC, aina ya faili inayobana sauti, zinapungua karibu nusu bila kupoteza hata chembe. MP3 nitatoa mwishoni kwa ajili ya simu za ndugu.

Jambo lililonifurahisha kuliko yote halina hata gharama. Karibu santuri zote ndogo ni mono, yaani za njia moja ya sauti. Sauti imechongwa kwa mwendo wa kushoto na kulia tu. Sindano yangu ni ya stereo, inasoma pia kupanda na kushuka, na kwenye santuri ya mono kupanda na kushuka hakuna muziki: kuna vumbi na usagaji wa senti hamsini. Nikiunganisha njia mbili kuwa moja, kinachopanda na kushuka kinajifuta chenyewe. Mbonyezo mmoja, na robo ya mchakacho imeondoka.

Kwenye kufuta kelele kwa programu nilijitia ujanja. Unaipa sekunde mbili za mfuo mtupu kabla wimbo haujaanza, inajifunza mchakacho, kisha inauondoa kwenye wimbo mzima. Nilivuta hadi desibeli 24. Mchakacho ukaisha kabisa, na tarumbeta zikasikika zimezamishwa kwenye ndoo. Kayamba ikawa inamwagika badala ya kulia. Nimeshuka hadi 6. Mchakacho upo, kwa mbali, kama mafuta ya sufuria iliyo nyumba ya pili. Milio ya "ta!" naitoa mmoja mmoja kwa mkono, navuta picha ya wimbi hadi naona mwiba, naunyoosha. Upande mmoja unanichukua dakika arobaini. Mke wangu anasema nafuma.

Jumamosi, 17 Agosti

Pande 31 tayari.

Nyimbo nyingi zimekatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande huu na ya pili upande wa nyuma, kwa sababu upande mmoja hautoshi. Sauti inafifia wakati magitaa ndiyo kwanza yanachemka. Unageuza, yanafifia kurudi. Nimejaribu kuziunganisha ziwe wimbo mmoja. Zinaungana. Lakini nilipomwekea baba ile ya kwanza asikilize, pale maungio yalipopita aliinuka kwenye kiti, mkono mbele, akasimama katikati ya sebule. Alikuwa amekwenda kugeuza. Nimeziachia mwanya wa sekunde tatu.

Jumamosi, 24 Agosti

Kuna santuri moja ya Morogoro Jazz ambayo kila mtu nyumbani kwetu anaijua kwa sababu inaruka. Katikati ya ubeti wa pili mwimbaji anarukia mstari mwingine, na sisi watoto wote wanne tuliimba hivyo hivyo, na kuruka kumo. Nilidhani ni mkwaruzo, nikaiacha ya mwisho.

Leo nimeiangalia kwa tochi ya simu, mwanga ukiingia kwa ubavu. Hakuna mkwaruzo. Kuna tone, dogo kuliko punje ya mtama, rangi ya maziwa. Nikaligusa kwa kucha: nta. Ni mshumaa. Mtu alikuwa anachagua wimbo gizani, umeme umekatika, akainama.

Niliiweka mahali pa baridi nta ikakakamaa, nikaisukuma kwa kijiti cha meno cha mti, kufuata mfuo, kidogo kidogo kwa robo saa, nikipuliza. Ikatoka nzima kama kigamba. Nikaosha. Nikapiga. Sindano ikapita pale bila kujikwaa, na mwimbaji akaimba mstari ambao sijawahi kuusikia maisha yangu yote. Nikarudisha mara sita.

Jumamosi, 31 Agosti

Zote 52 ndogo na zile nne kubwa zimeingia. Nakala ziko kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje, na nyingine kwa dada yangu Iringa, nyumba ikiungua isiungue na muziki. Kila faili lina jina la bendi, upande, namba iliyochorwa karibu na kibandiko, na alichokumbuka baba. Santuri zimesimama wima kwenye bahasha mpya za karatasi. Ile ya shelaki nimemwambia. Akasema, "Hiyo hata sikuipenda," na sijui kama ni kweli.

Jioni tulikaa Kikuyu, spika ndogo juu ya meza, chai, karanga. Nikawawekea ile ya mshumaa bila kusema kitu. Mama alikuwa anachambua mchele na anaimba pamoja nayo. Ubeti wa pili ukafika, yeye akaruka, santuri ikaendelea. Akawa mbele, mwimbaji nyuma. Akaacha kuchambua. Akarudi kuidaka, ikamponyoka tena. Akaitazama spika, kisha akanitazama mimi.

"Umeiharibu."

Nikamweleza habari ya mshumaa, nta, kijiti. Baba akasema kumbe ndivyo alivyosema Mbaraka, miaka yote hii. Mama akasema yeye hana shida na Mbaraka, ila wimbo wake aurudishiwe.

Rekodi ya majaribio ya Julai, ile yenye kuruka, nilishaifuta kupata nafasi. Hivyo nimefungua kompyuta pale pale mezani. Mama akaimba, nikafuata kwa kidole kwenye wimbi. "Hapa anaacha." Nikaweka alama. "Anaingilia hapa." Nikaweka nyingine. Nikapima kati ya alama mbili: sekunde nne kasoro punje. Sindano ilikuwa inaruka mifuo mitatu, mizunguko mitatu ya spidi 45, sekunde nne kamili. Nimezikata.

Nikapiga. Mama akaruka, santuri ikaruka. Akarudi kwenye mchele.

Zile za shelaki sita zinasubiri sindano.